Bima ya Afya ya Kikundi: Hesabuni Kwanza, Kisha Mjiunge



Wengi wenu mnaoishi kambini mna jamaa Kisenyi, pale katikati ya jiji la Kampala, chini ya kilima cha Mengo. Wapo mama zetu Wakongo wanaotembeza vitenge na shanga mitaani. Wapo ndugu zetu Wasomali wenye maduka na hoteli. Wapo vijana wanaobeba mizigo soko la Owino. Na wengine kati yenu mnajiandaa kwenda huko huko kutafuta riziki.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea na kufanya kazi. Lakini anayehamia mjini anajitegemea. Kodi ya chumba, chakula na ada ya shule ni juu yake. Na siku mtoto akizidiwa usiku, au mke akihitaji kupasuliwa ili ajifungue, fedha zitatoka wapi? Familia nyingi huuza mtaji wa biashara au hukopa, na deni hilo hukaa nyumbani muda mrefu baada ya mgonjwa kupona.

Ndiyo maana vikundi vingi huuliza: je, tujiunge na bima ya afya? Na iliyo nafuu ni ipi? Somo hili litawasaidia kujibu. Linawahusu hata ninyi mnaobaki kambini, kwa sababu misaada ya wafadhili ilipungua sana mwaka 2025, na kila familia inapaswa kujua namna ya kujipanga.

Jambo kuu la kukumbuka ni hili: bima nafuu si ile yenye ada ndogo. Bima nafuu ni ile itakayolipa siku ile mnayoiogopa.

1. ANZENI NA KILE AMBACHO HAKILIPIWI

Kabla ya kununua kitu, hakikisheni hamna tayari. Mwezi Machi 2001 serikali ya Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya na hospitali zake, isipokuwa katika wodi za kulipia. Mkimbizi hutibiwa katika vituo hivyo sawa na raia.

Kisenyi yenyewe ina kituo cha afya cha daraja la nne, kinachosimamiwa na mamlaka ya jiji, KCCA. Daraja la nne si zahanati ndogo. Kwa mpango wa Wizara ya Afya, kituo cha daraja hilo kinapaswa kuwa na daktari, wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji. Mgonjwa aliyezidiwa hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa za serikali kama Mulago, Kawempe, Kiruddu au Naguru.

Katika vituo vya serikali huduma zifuatazo hutolewa bure:

- chanjo za watoto;
- kliniki ya wajawazito;
- uzazi wa mpango;
- kupima VVU na dawa za kupunguza makali;
- kupima na kutibu kifua kikuu;
- kupima na kutibu malaria.

Basi kwa nini watu bado wanalipa? Kila aliyekaa Kisenyi anajua. Dawa huisha kabla ya mwezi kwisha. Kipimo fulani hakipo. Foleni ni ndefu na muuza vitenge akikosa siku moja amekosa chakula cha siku hiyo. Mwingine hajui Kiingereza wala Kiganda, anaona aibu, anaenda duka la dawa lililo karibu. Hapo fedha huanza kutoka.

Zitazameni vizuri fedha hizo. Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza ni gharama ndogo ndogo zinazojirudia: dawa ya kikohozi, kipimo cha choo, vidonge vya maumivu. Aina ya pili ni pigo kubwa linalompata mtu mara chache: upasuaji, ajali, kulazwa wiki mbili. Gharama ndogo zinajulikana kwamba zitakuja, kwa hiyo dawa yake ni akiba. Pigo kubwa hujui litampata nani wala lini, na hilo ndilo dawa yake ni bima. Vikundi vingi hushindwa kwa kuchanganya mambo haya mawili.

2. BIMA INATOFAUTIANA VIPI NA UPATU?

Kuchangiana si jambo geni kwetu. Wakongo wana likelemba. Wasomali wana ayuuto, wengine huita hagbad. Waswahili wana upatu. Kila mmoja anatoa, na kila mmoja kwa zamu yake anapokea. Mwisho wa mzunguko hakuna aliyepoteza.

Bima haiko hivyo. Katika bima wengi wanatoa, na wachache walioumwa ndio wanaopokea. Aliyemaliza mwaka mzima bila kuugua harudishiwi kitu. Bima inafanana zaidi na mchango wa msiba: unatoa kwa ajili ya jirani leo, ukijua kesho huenda ni wewe, na unaomba isiwe wewe.

Elezeni jambo hili wazi kabla ya kukusanya hata shilingi moja. Kama wanachama wanadhani watarudishiwa fedha zao Desemba, mwaka wa pili watajitoa, na watakaobaki ni wagonjwa peke yao. Kikundi hakitafika mwaka wa tatu.

3. KWA NINI BIMA YA WAFANYAKAZI WA SERIKALI HUSIMAMA

Tujifunze kwa waliotangulia. Tanzania ilipitisha sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mwaka 1999, na mfuko ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mwalimu wa shule ya msingi au karani wa halmashauri alikatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri wake akaongeza asilimia 3. Kwa mchango huo walihudumiwa yeye, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi 4.

Mpango wa namna hiyo una nguzo tatu. Kwanza, wote wanaingia, wazima na wagonjwa. Hakuna anayesema, "Mimi ni mzima, nitajiunga nikiugua." Pili, fedha hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Tatu, mwajiri analipa nusu.

Sasa tazameni kikundi chenu cha Kisenyi. Hakuna sheria inayowalazimisha wote kuingia. Hakuna mshahara wa kukatwa. Hakuna mwajiri wa kulipa nusu. Je, mkate tamaa? Hapana. Nguzo ya kwanza na ya pili mnaweza kuzijenga wenyewe kwa kanuni za kikundi: wote waingie kwa pamoja, na mchango ukusanywe siku ile ile fedha zinapoingia. Nguzo ya tatu hamwezi kuijenga, kwa hiyo mkubali kwamba bima yenu italipia mambo machache kuliko ya mwalimu yule. Kikundi kinachoahidi kulipia kila kitu bila mwajiri wa kusaidia kinajidanganya.

Uganda nayo ilijaribu kuwa na bima ya taifa. Bunge lilipitisha muswada wake mwezi Machi 2021, lakini Rais hakuusaini kuwa sheria. Kwa hiyo mtu akija kuwauzia "kadi ya bima ya taifa" ya Uganda, muulizeni ni sheria ipi iliyoianzisha na ya mwaka gani.

4. NJIA TATU ZILIZO MBELE YENU

Njia ya kwanza: mfuko wa kikundi. Mnaendelea kutumia vituo vya serikali, na mnaweka mfuko wenu wa dharura. Mfuko huu unalipia yale yanayokosekana: dawa iliyokwisha, kipimo kisichopo, usafiri wa usiku kwenda hospitali. Uzuri wake ni kwamba mnausimamia wenyewe na hakuna makaratasi mengi. Ubaya wake ni kwamba ni mdogo. Wagonjwa wawili wakubwa katika mwezi mmoja wanaweza kuumaliza. Tena unategemea uaminifu wa mweka hazina.

Njia ya pili: makubaliano na hospitali moja. Kikundi kinalipa mapema, na hospitali inatibu wanachama wake kwa masharti yaliyokubaliwa. Njia hii ina historia Uganda. Hospitali ya Kisiizi, kusini magharibi mwa nchi, ilianza mpango wake mwaka 1996. Familia za vijijini zilijiunga kupitia vikundi vyao vya kusaidiana, vile ambavyo tayari vilikuwa vinabeba wagonjwa kwa machela na kuzikana. Hospitali ya Bwindi nayo ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2010. Somo la kuchukua ni kwamba walitumia vikundi vilivyokuwa vinafahamiana na kuaminiana, hawakuunda vipya kwa ajili ya bima tu.

Karibu na Kisenyi ziko hospitali za mashirika ya dini: Mengo ya Waanglikana, Rubaga na Nsambya za Wakatoliki, na Kibuli ya Waislamu. Msidhani kila hospitali itakubali mpango huu. Tumeni watu wawili wakaulize ofisi ya utawala: je, mnapokea vikundi? Kwa idadi gani ya watu? Kwa huduma zipi? Ubaya wa njia hii ni kwamba mnafungwa na hospitali moja. Mwanachama akiugua akiwa Nakivale au Kyangwali, kadi yake huenda isimsaidie.

Njia ya tatu: kampuni ya bima. Kampuni huuza bima ya kikundi, na bei kwa kila mtu huwa chini kuliko anayejiunga peke yake. Ina hospitali nyingi, na ina uwezo wa kubeba mgonjwa mkubwa kwa sababu imekusanya fedha za watu wengi. Ubaya wake ni kwamba ada yake ni kubwa kwa mtu wa kipato cha siku, mara nyingi hutaka fedha za mwaka kwa mkupuo, na mkataba wake una maandishi mengi kwa Kiingereza. Nchini Uganda kampuni ya bima ni lazima iwe na leseni ya mamlaka ya kudhibiti bima, IRA, kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2017. Ombeni kuiona leseni ya mwaka huu, kisha mwende wenyewe ofisi za IRA kuhakikisha. Msitosheke na nakala aliyokuja nayo wakala.

5. HESABU YA MFANO

Chukueni kalamu na karatasi. Bei tunazotaja hapa ni za mfano tu, si bei za hospitali yoyote. Lengo ni kujifunza namna ya kuhesabu.

Kikundi kina familia 40, jumla watu 200. Wanaamua kila mtu achangiwe shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwa mwezi watapata 600,000. Kwa mwaka watapata 7,200,000.

Wanaahidi kulipia kila ugonjwa. Tuseme kila mtu anaugua kidogo mara mbili kwa mwaka, na kila mara anatumia 15,000. Watu 200, mara 2, mara 15,000, ni shilingi 6,000,000. Tuseme pia watu 4 wanapatwa na pigo kubwa, kila mmoja 1,000,000. Hiyo ni 4,000,000. Jumla ni 10,000,000, na mfuko una 7,200,000 tu. Upungufu ni 2,800,000. Kikundi kimevunjika, na pengine aliyeumwa mwishoni mwa mwaka ndiye aliyekosa kabisa.

Sasa wabadili kanuni. Magonjwa madogo kila familia itajilipia kwa akiba yake na kwa kutumia kituo cha serikali. Mfuko utalipia mapigo makubwa tu. Mchango unapunguzwa kuwa 2,000 kwa mtu kwa mwezi. Kwa mwaka wanapata 4,800,000. Mapigo manne ni 4,000,000. Wanabaki na akiba ya 800,000. Mmeona? Mchango umepungua, na mfuko umesimama.

Sasa tuseme familia 30 zilizo na afya njema zimekataa kuingia. Zimebaki familia 10, watu 50, zile zilizo na wagonjwa wote wanne. Mchango wao wa mwaka ni 1,200,000. Mgonjwa wa kwanza analipiwa. Wa pili, wa tatu na wa nne wanaambiwa mfuko umekwisha. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya bima ni wote kuingia. Nchini Rwanda, mpango wa bima ya jamii, mutuelle de santé, ulitaka kaya nzima iandikishwe, si mgonjwa peke yake, kwa sababu hii hii. Wakimbizi wa mijini nchini humo nao walianza kuingizwa katika mpango huo kwa makubaliano ya serikali na UNHCR ya mwaka 2019.

Hesabu ya mwisho. Mwaka mbaya wakipatikana wagonjwa wakubwa 6 badala ya 4, gharama ni 6,000,000, na mfuko una 4,800,000. Upungufu ni 1,200,000. Mfuko wa watu 200 hauwezi kuhimili kila mwaka mbaya. Kwa hiyo wekeni ukomo wa malipo kwa kila mgonjwa, na msigawane akiba inayobaki mwisho wa mwaka. Hiyo ndiyo ngao ya mwaka mbaya. Hapa ndipo hospitali au kampuni inapowazidi, kwa kuwa wachangiaji wake ni wengi zaidi.

6. MANENO SITA YA KUULIZA KATIKA MKATABA

Msisaini mkataba wowote kabla ya kupata majibu ya maneno haya sita, na majibu yawe yameandikwa.

Kipindi cha kusubiri. Ni muda kati ya siku ya kulipa na siku ya kuanza kuhudumiwa. Uzazi mara nyingi una kipindi kirefu. Mfano: mama mwenye mimba ya miezi 4 anajiunga leo, na mkataba unasema uzazi husubiri miezi 9. Atajifungua kabla ya miezi hiyo kwisha. Kwa mimba hii bima haitamlipia, hata kama ada imelipwa yote.

Ukomo. Ni kiasi cha juu kabisa kitakacholipwa kwa mwaka. Ulizeni: ukomo ni wa mtu mmoja au wa familia nzima? Ukiwa wa familia, mtoto mmoja akiutumia wote, wengine wamebaki bila bima.

Yasiyolipiwa. Ulizeni kuhusu ugonjwa uliokuwapo kabla ya kujiunga, kisukari, presha, saratani, meno, miwani, watoto njiti na ajali za bodaboda. Kama wengi katika kikundi wana presha na mkataba hauilipii, mnanunua kitu msichokihitaji.

Mchango wa mgonjwa. Ni fedha anazotoa mgonjwa mwenyewe kila anapofika hospitali. Fedha hizi zinaweza kuwa kidogo, lakini kwa asiye na kitu mfukoni ni mlango uliofungwa.

Hospitali zilizomo. Ombeni orodha. Je, mnaweza kufika usiku kutoka Kisenyi? Je, iko yoyote karibu na kambi, kwa wale wanaokwenda na kurudi?

Wategemezi. Wakimbizi wengi wanalea watoto wa ndugu waliofariki au waliopotea vitani. Je, wanahesabiwa kuwa wa familia? Mke wa pili je? Kijana aliyefikisha miaka 18 je? Na majina yaandikwe sawasawa na yalivyo katika kitambulisho cha mkimbizi na hati ya familia. Jina la Kisomali au la Kikongo likikosewa herufi moja, mgonjwa anaweza kurudishwa mapokezini.

7. MTALIPAJE?

Nchini Kenya mpango mpya wa bima, SHA, ulianza tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hulipa kuanzia shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, ila hutakiwa kulipa za mwaka mzima kwa pamoja. Kwa anayekula kwa jasho la siku, hapo ndipo penye ugumu. Anaweza kupata kidogo kila wiki, lakini kingi kwa siku moja ni shida.

Kwa hiyo kusanyeni kwa wiki. Familia ya watu 5 kwa mchango wa 2,000 kila mtu ni 10,000 kwa mwezi, yaani 2,500 kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Kama hospitali au kampuni inataka fedha za mwaka mzima, anzeni kukusanya mwaka mmoja kabla, mkalipe kwa pamoja.

Fedha zisikae chini ya godoro la mtu mmoja. Wekeni watia saini watatu wasio ndugu wa nyumba moja. Kila anayetoa apewe risiti, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Haya si kumtuhumu mweka hazina. Ni kumlinda.

Kwa ndugu zetu Waislamu wenye mashaka kuhusu bima za kawaida kwa sababu ya riba, ipo bima ya takaful, ambayo washiriki huchangiana kwa nia ya kusaidiana. Mwulizeni sheikh mnayemwamini, na mwulizeni anayewauzia kama anayo. Njia ya kwanza katika somo hili nayo ni kusaidiana kwa hiari.

8. BASI TUCHAGUE IPI?

Kama ninyi ni familia chache, chini ya 20, na kipato ni cha siku kwa siku, tumieni kituo cha serikali na mfuko mdogo wa dharura. Msikimbilie kampuni.

Kama ninyi ni familia 40 au zaidi, mmekaa pamoja miaka kadhaa, na mnaaminiana, jaribuni makubaliano na hospitali moja kwa ajili ya kulazwa, upasuaji na uzazi. Magonjwa madogo yabaki kwenye kituo cha serikali.

Kama ninyi ni wafanyabiashara wenye kipato cha uhakika, au mnaajiri watu madukani, ulizeni bei za kampuni mbili au tatu. Linganisheni maneno yale sita kwanza, bei baadaye. Mwajiri anayechangia nusu ya ada ya mfanyakazi wake anajenga ile nguzo ya tatu tuliyoitaja.

Kwa njia yoyote mtakayochagua, msiache huduma za bure. Anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu aendelee kuzichukua pale pale anapozichukua. Bima isimkatishe dawa.

9. JIHADHARINI

- Mtu anayekusanya fedha bila risiti, au anayesema "lipeni leo, kesho bei inapanda", mwacheni apite.
- Msidanganye katika fomu ya afya. Ugonjwa uliofichwa ukigundulika, malipo yanaweza kukataliwa siku ya shida.
- Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Mwenyekiti wa kikundi hana haki ya kujua nani ana VVU. Fomu zijazwe faraghani na kufungwa.
- Kama mkataba ni wa Kiingereza, usomwe kwa sauti na mkalimani asiyelipwa na muuzaji.
- Mgonjwa wa dharura apelekwe kwanza kituo kilicho karibu. Mambo ya kadi yafuate.

10. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika miezi 12 iliyopita, ni familia ngapi kati yetu zilikopa au kuuza kitu kwa sababu ya ugonjwa? Ugonjwa upi, na kiasi gani?
2. Kati ya gharama hizo, zipi zingeweza kuepukwa kwa kwenda kituo cha serikali?
3. Ni pigo lipi tunaloliogopa zaidi: uzazi, ajali, upasuaji, au jingine? Je, mpango tunaoufikiria unalilipia?
4. Kila familia inaweza kutoa kiasi gani kwa wiki bila kulala njaa?
5. Tutafanya nini na mwanachama atakayeshindwa kulipa kwa sababu biashara yake imeanguka?

Swali la tano msilipite haraka. Kikundi kisichokuwa na jibu la swali hilo humfukuza mtu wakati ule ule anapohitaji msaada zaidi. Wengine huweka miezi 2 ya kuvumiliana. Wengine huwalipia wazee na wajane kutoka akiba. Kubalianeni mapema, mkiwa wazima, na muandike.

Katika mkutano wenu ujao, chagueni watu wawili wa kukusanya majibu ya swali la kwanza, nyumba kwa nyumba, bila kutaja majina ya wagonjwa. Hesabu hiyo ndiyo itakayowaonyesha njia ya kuchagua. Wapelekeeni na jamaa zenu wa Kisenyi nakala ya somo hili, ili wao huko na ninyi huku mhesabu kwa pamoja.